Wakuu, mtu mkimwita "mvivu" kazini au darasani, mnajuaje kweli ni mvivu?

#1 Chaki Mkononi (saa 2:10 usiku)

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite, atatukuta.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati shule moja ya kata, huu mwaka wa kumi na nne. Nina mikondo mitatu ya kidato cha pili, kila mkondo wanafunzi sabini na ushee. Nikitoa zoezi, jioni nina madaftari zaidi ya mia mbili mezani. Miaka ya mwanzo nilikuwa nayasahihisha yote na maelezo naandika pembeni. Mwaka jana nikajikamata napiga tiki kurasa ambazo sijazisoma. Sikuwa mgonjwa, wala siku hiyo sikuwa na deni jipya. Ila tu nilikuwa sioni tena ile tiki inambadilishia nini mtoto yeyote.

Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama upya wale ninaowaita wavivu.

Kisa kilichonileta. Nje ya ofisi ya walimu kuna ubao wa matangazo. Zamani nilikuwa nabandika swali moja kila Jumatatu, Ijumaa nafungua kisanduku cha majibu. Hakuna maksi, hakuna zawadi. Nilikuwa napata karatasi thelathini, arobaini, na baadhi zina makaratasi ya ziada yamebanwa na mwiba. Nikaona niwachochee: wa kwanza kupatia, kaunta buku ya kwaya tatu. Wiki mbili kisanduku kilifurika. Wiki ya tatu nikaona majibu yote yamefanana mpaka makosa, kumbe mmoja anatatua, wengine wananakili na kuomba bahati. Halafu mfuko wangu ukakataa. Nikatangaza kwamba swali lipo ila zawadi hakuna. Ijumaa ile nikakuta karatasi nne.

Kuanzia siku ile hata wale waliokuwa wanalikimbilia bure hawakurudi.

Baadaye nikaja kusoma kwamba kisa changu kilishatokea Marekani kabla sijazaliwa. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwenye shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford. Walichukua watoto waliokuwa tayari wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi la kwanza waliahidiwa cheti chenye nembo ya dhahabu na utepe mwekundu. La pili hawakuahidiwa kitu, ila mwishoni walishtukizwa na cheti hicho hicho. La tatu hawakupata chochote. Baada ya wiki moja mbili kalamu zikawekwa tena darasani, anayetaka achore, asiyetaka aache. Wale walioahidiwa walitumia kwenye kuchora takriban nusu tu ya muda wa wenzao. Walioshtukizwa hawakupungua. Maana yake cheti chenyewe hakikuharibu kitu. Kilichoharibu ni mtoto kuanza kujiambia, "kumbe huwa nachora ili nipewe."

Ninachotaka kusema leo ni hiki: mtu tunayemwita mvivu, mara nyingi amepiga hesabu, tena kwa namba tulizompa sisi wenyewe. Kabla ya kumchapa, kumkata mshahara au kumwekea mhamasishaji wa kipaza sauti, tumuombe atuonyeshe njia aliyokokotoa.

Anayetaka swali lililopata karatasi nne, hili hapa. Mama ana kapu la mayai. Akiyahesabu mawili mawili linabaki moja. Matatu matatu, linabaki moja. Manne manne, moja. Matano matano, moja. Sita sita, moja. Saba saba, halibaki hata moja. Kwa uchache ana mayai mangapi?

#2 Mtoza Ushuru (saa 2:24 usiku)

Mwalimu umeandika sana, jibu ni neno moja: HELA. Nipe milioni tatu kwa mwezi uone kama nitachelewa kazini. Mengine haya ni ya watu walioshiba. Mtoto wa miaka minne wa Stanford atanifundisha nini mimi ninayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo?

#3 Kijiwe cha Sokoni (saa 2:41 usiku)

Mtoza, nakuunga mkono nusu.

Niliendesha pikipiki ya hesabu miaka miwili. Kila jioni elfu kumi kwa bosi, kinachozidi changu. Sikuwahi kuifuta vumbi. Mnyororo ukilegea naacha ulegee, oili naweka bosi akipiga kelele. Bosi alikuwa ananiita mvivu na mchafu, mbele za watu kabisa.

Nikapata nyingine ya mkataba. Elfu kumi ile ile kwa siku, ila baada ya miezi kumi na minne inakuwa yangu. Nikawa naamka saa kumi na moja alfajiri naiosha. Nilijifunza mwenyewe kubadilisha kebo, plagi, breki. Mwezi wa tatu fundi wa kijiweni akawa ananiuliza mimi. Barabara ni zile zile na abiria ni wale wale, na ile miezi kumi na minne mfukoni sikuongezeka hata mia.

Huyo mvivu alikwenda wapi?

#4 Mtoza Ushuru (saa 2:47 usiku)

Si ndiyo hela hiyo hiyo, imecheleweshwa tu. Pikipiki ni mali.

Halafu mayai ni 49.

#5 Chaki Mkononi (saa 3:15 usiku)

49 ukiigawa tano tano yanabaki manne. Rudi kapuni mkuu.

Kuhusu hela sikupingi moja kwa moja, na bahati nzuri jambo hili limepimwa hapa hapa Tanzania. 2013 na 2014 kulikuwa na jaribio linaitwa KiuFunza, shule za msingi 350, darasa la kwanza hadi la tatu. Kundi la kwanza shule zilipelekewa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi za kuendeshea shule. La pili, walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu kila somo kati ya Kiswahili, Kiingereza na Hesabu. La tatu walipata vyote viwili. La nne hawakupata kitu, ni la kulinganishia.

Matokeo yake mimi kama mwalimu yaliniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Hela ya shule peke yake haikupandisha kujifunza kwa watoto. Ahadi kwa mwalimu peke yake ilileta mabadiliko madogo ya kubahatisha. Zilipokutana ndipo watoto walipoonekana wamejifunza zaidi, na faida ilizidi jumla ya zile mbili ukizihesabu mbalimbali.

Kwa hiyo Mtoza, hela ilifanya kazi ilipomkuta mwalimu mwenye vitabu na chaki. Na vitabu vilifanya kazi vilipomkuta mwalimu mwenye sababu ya kuvifungua. Ukimuahidi mtu asiye na jembe kwamba atalipwa kwa gunia, umemuongezea uchungu tu.

Na Kijiwe, ulichokisimulia kina kitu kingine ndani yake. Elfu kumi haikubadilika. Kilichobadilika ni nani mwenye uamuzi juu ya ile pikipiki kesho kutwa.

#6 Mwaka wa Tatu (saa 3:30 usiku)

Mwalimu mimi niko chuo, naomba niongelee upande wa masomo, na msinicheke.

Shule ya msingi nilikuwa wa pili au wa tatu darasani. Kidato cha kwanza kila kitu kikageuka Kiingereza. Nilikuwa najua kukokotoa riba, ila sikujua kama swali linauliza riba. Mwezi wa kwanza nilinyoosha mkono, nikajibu vibaya, darasa likacheka. Mwezi wa pili sikunyoosha. Kufikia mwezi wa sita nilikuwa nakaa nyuma nachora magari kwenye daftari la Baiolojia. Ripoti iliandikwa "mvivu, ajitahidi". Baba alinichapa kwa ripoti ile. Sasa naambiwa nijitahidi, nijitahidi na nini? Nilikuwa sielewi hata tangazo la paredi.

Aliyeniokoa ni kaka mmoja wa kidato cha tatu aliyekuwa ananitafsiria kurasa mbili kila jioni bwenini. Mbili tu. Muhula uliofuata nikawa nafika kwenye swali.

Ya sasa ndiyo mbaya zaidi. Kozi ninayosoma sikuipenda, niliijaza ya nne kwenye fomu. Sina sapu, sijadisko, napata B zangu. Ila siku bumu (hela ya mkopo wa chuo) linapochelewa ndiyo najua sina kitu kinachonipeleka darasani. Naenda kwa aibu ya mama tu. Aliuza ng'ombe.

#7 Chaki Mkononi (saa 3:44 usiku)

Mdogo wangu, hakuna wa kukucheka hapa.

Kuna wataalamu wawili, Edward Deci na Richard Ryan, kitabu chao cha 1985 kilivunja ile tabia ya kusema mtu ama anayo motisha ama hana. Wao wanauliza ni ya namna gani. Kuna anayesoma kwa kuwa kuna fimbo. Kuna anayesoma kwa aibu na hatia, yaani fimbo ameihamishia ndani. Kuna anayesoma kitu kigumu asichokifurahia, lakini ameamua mwenyewe kwamba kina maana kwake. Na kuna anayesoma kwa utamu wake. Mbali na hao wote kuna yule ambaye hana hata moja, ameshakata kamba, hata fimbo haimgusi. Wewe uko wa pili. Inachosha, nakubali, lakini usijiweke kundi la mwisho.

Wanasema motisha inayodumu inakula vyakula vitatu: mtu aone ana sauti katika anachokifanya, aone anakiweza, na aone ana watu. Yule kaka wa bwenini alikupa viwili kwa mpigo, kwa kurasa mbili.

#8 Mzee wa Jalada (saa 4:05 usiku)

Vijana, nimefanya kazi masijala ya serikali miaka thelathini na moja, nimestaafu. Nitawaeleza kuhusu koti.

Ofisini kwetu kulikuwa na bwana mmoja anafika saa moja na nusu kamili, anasaini daftari la mahudhurio, anavua koti, analitundika kwenye kiti, anaondoka. Akija mgeni anaambiwa, "Yupo, koti lake lile pale." Koti lilipanda cheo mara mbili. Msidhani ni utani. Kupanda kulikuwa kwa miaka, na miaka koti lilikuwa nayo.

Pembeni yake alikaa dada mmoja mchapakazi. Jalada likipotea yeye ndiye anayelipata. Malipo yake? Kila jalada gumu likawa lake. Mwaka wa tano nikamuona naye kanunua koti.

Fomu za tathmini tulizijaza kila mwaka, malengo yote asilimia mia. Najua, maana mimi ndiye niliyekuwa nazifungia kabatini, na sikumbuki mtu aliyewahi kuja kuomba kuisoma hata moja.

#9 Kijiwe cha Sokoni (saa 4:09 usiku)

"Naye kanunua koti." Dah. Shikamoo mzee.

#10 Chaki Mkononi (saa 4:31 usiku)

Mzee wa Jalada, shikamoo. Umenipa mfano niliokuwa nautafuta jioni nzima.

Mwaka 1964 Victor Vroom alitoa kanuni ambayo mimi mtu wa namba naipenda kuliko zote. Tukiisema kwetu, mtu kabla hajanyanyuka anajiuliza maswali matatu. Nikijitahidi, nitaweza? Nikiweza, nitapata? Nikipata, nakitaka? Kisha majibu yanazidishwa, hayajumlishwi. Ndiyo maana sifuri moja inameza zote. Yule dada wa masijala aliweza, tena sana. Swali la pili ndilo lililompa sifuri. Mwaka wa Tatu akiwa kidato cha kwanza sifuri yake ilikuwa swali la kwanza, na chuoni ni la tatu. Wote hao kwenye ripoti wangeandikwa neno lile lile, "mvivu", na wangepewa dawa ile ile, semina.

Sasa kuna lingine linalonikosesha usingizi. 1967 Martin Seligman na Steven Maier walifanya majaribio na mbwa (ya kikatili, sitayatetea). Mbwa wengine walipigwa shoti ya umeme wakawa wanaweza kuizima kwa kusukuma kibao. Wengine walipata shoti ile ile, lakini lolote walilofanya halikusaidia. Kesho yake wote wakawekwa kwenye boksi lenye kizuizi kifupi cha kuruka. Wale wa kwanza waliruka. Wa pili wengi wao walilala chini wakavumilia, na njia iko wazi. Miaka mingi tukafundishwa kwamba mnyama anajifunza kukata tamaa.

Lakini 2016 watu wale wale wawili, baada ya karibu miaka hamsini, walirudi wakaandika kwamba walikuwa wameisoma kinyumenyume. Ubongo ukipigwa mfululizo, kulala chini ndiyo hali yake ya kawaida, hakuna haja ya kuifundishwa. Kinachofundishwa ni kinyume chake, kwamba mkono wangu ukifanya kitu, kitu kinatokea.

Tangu nisome hayo nimeacha kuuliza nani alimkatisha tamaa mtoto huyu. Nauliza ni lini aliwahi kuona mkono wake unafanya kazi. Nina mtoto wa kidato cha pili ambaye tangu aingie shule hii hajawahi kupata tiki tatu mfululizo. Mimi pia nilikuwa nampigia tiki zisizosomwa. Ninyi semeni nani alikuwa na koti kitini.

#11 Mtoza Ushuru (saa 4:40 usiku)

Mwalimu hapo kwenye mbwa umenigusa, sitaki kusema kwa nini. Ila bado hela.

61?

#12 Zamu ya Usiku (saa 5:02 usiku)

Habari zenu. Niko kazini, wagonjwa wametulia kidogo. Mimi ni muuguzi, naomba niweke tahadhari moja kabla uzi haujawa wote wa mishahara na zawadi.

Kuna watu motisha yao haijakatwa na bosi wala mwalimu. Wanaumwa. Sonona ipo. Ukiona mtu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, hata vile alivyokuwa anavipenda havimgusi tena, usingizi umeharibika, hamu ya kula imekwenda au imezidi, anajiona si kitu, huyo usimpigie hesabu ya Vroom. Mpeleke hospitali. Akisema anatamani asiwepo, asilale peke yake usiku huo, na kulipokucha awe ameshaonwa.

Kipimo changu cha haraka, si cha kitabuni: mtu aliyechoshwa na kazi, Jumamosi akisikia mpira au muziki wake anaamka. Mgonjwa hata Jumamosi haimwamshi. Pia kuna upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo, vinamlegeza mtu mpaka anaonekana mzembe. Mabinti wengi wa sekondari wanaosinzia saa tano asubuhi ningeanza kwa kuwapima damu na kuwauliza kama wamekula.

Na Mtoza, 61 saba saba yanabaki matano.

#13 Bintiye Fundi (saa 5:20 usiku)

Nimesoma kimya kimya ila nesi kanifurahisha, naandika.

Nina cherehani nne na wanagenzi. Marehemu baba alinifundisha kwa njia ya zamani: miezi sita ya kwanza unafagia vipande, unaweka vifungo, unapinda upindo. Mkasi wa kukata kitambaa unausikia tu. Nami nikawafundisha hivyo hivyo. Wanalipa ada, tena wengine mama zao wanakopa vikoba, wanakuja mwezi wa kwanza, mwezi wa pili wanaanza "nimeumwa kichwa dada", mwezi wa tatu humuoni. Nilisema mabinti wa siku hizi hawataki kazi. Nimelisema sana hilo, kanisani, kwenye vikao, kila mahali.

Mwaka juzi alikuja mmoja, mguu mmoja mfupi, siku ya kwanza akaniambia, "Dada, naomba nishone foronya niende nayo." Nikacheka. Nikampa kipande cha kitenge kilichobaki. Ilitoka imepinda kama barabara ya Kitonga. Akaenda nayo. Kesho yake alifika kabla sijafungua mlango, anataka kujua kwa nini imepinda.

Siku hizi kila anayeanza, wiki ya kwanza anashona kitu kizima, kibaya hivyo hivyo, anakipeleka kwao. Vifungo na upindo wanavikuta njiani, na wanaviomba wenyewe, kwa sababu foronya ilifumuka. Sijui hao wa vitabu wanaliitaje. Walioacha hawajaisha, lakini mwaka huu ni mmoja tu, na huyo aliolewa.

Baba angeniona nimewaharibu.

#14 Mzee wa Jalada (saa 5:33 usiku)

Asingekuona hivyo binti. Angeuliza tu hizo foronya zimekula kitambaa kiasi gani.

#15 Chaki Mkononi (saa 5:51 usiku)

Dada Bintiye Fundi, naiba hiyo ya foronya, samahani.

Nimekaa hapa na madaftari, kuna kitu nimeamua. Siwezi kusahihisha mia mbili na kumi kwa maelezo kila siku, huo ndio ukweli, na kujidanganya kwamba ninaweza ndiko kulikonileta kwenye tiki za uongo. Kuanzia wiki ijayo nitasoma kumi na tano kwa siku, kwa kina, kwa zamu. Yaliyobaki watasahihishana wenyewe ubaoni. Kila mtoto atapata maandishi yangu mara moja kila wiki tatu, lakini yatakuwa yangu kweli. Mkuu wa shule anaweza asipende. Nitamuonyesha hesabu.

Ubaoni pia, swali la wiki litarudi ila sitalitunga mimi. Atakayelitunga jina lake litaandikwa juu, na yeye ndiye atakayefungua kisanduku Ijumaa. Yule mtoto wa tiki tatu nitamuomba awe wa kwanza. Anaweza akakataa.

Usiku mwema.

#16 Mtoza Ushuru (saa 8:17 usiku)

Mayai 301.

Njia yangu. Mbili, tatu, nne, tano na sita zote zinaingia kwenye 60. Kwa hiyo mayai ni 60 ukiongeza moja, au 120 na moja, hivyo hivyo kwenda juu. 61 saba saba yanabaki matano. 121 yanabaki mawili. 181 yanabaki sita. 241 yanabaki matatu. 301 inaisha. Nimehakikisha mara mbili na njiti za kiberiti.

#17 Kijiwe cha Sokoni (saa 8:20 usiku)

Mkuu hujalala?

#18 Mtoza Ushuru (saa 8:22 usiku)

Lala wewe. 721 nayo inakubali. Mwalimu ukiamka, huwa yanaongezeka 420 kila mara au nimebahatisha?